Ubeti wa Tatu wa Mkeka

S.L.P. 47,
Ibra,
Oman.

Jumanne, 3 Desemba 1985

Mpendwa Shangazi Turkiya,

Shikamoo, na shikamoo tena: moja ya leo, na moja ya miezi yote niliyokaa kimya. U hali gani? Goti je, limepatana na ngazi za nyumba, au bado unazipanda huku ukizitukana moja moja? Na macho? Ulisema miwani ya zamani inakuonyesha watu wawili wawili. Usiitupe, siku hizi wageni ni wachache, wacha waongezeke.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mkweo Thuwaini bado yuko ofisi ya serikali ya Mudhaibi, anakwenda na gari asubuhi na kurudi alasiri akitaka wali wa nazi kama kwamba minazi imeota Ibra. Zuwena ametimiza miaka kumi na tatu na amenipita kwa urefu. Anavaa viatu vyangu bila kuuliza, na nikimgombeza ananijibu, "Mama, vyako si vyangu?" Baridi imeanza, nimeshatoa mablanketi, na tende za mwaka huu zimekuwa nzuri mno. Nimekufungia za kutosha wewe na majirani, kwa hiyo usizifiche chini ya kitanda.

Barua hii anakuletea Khalaf, mtu wa Nizwa, mtu mzima mwenye adabu zake. Mkaribishe, mpe kahawa, lakini nakuomba kitu kimoja: usimwulize neno lolote mpaka umalize kusoma. Najua nakutesa.

Katika barua yako ya mwisho uliniandikia jambo lililoniliza. Ulisema nyimbo za chama chenu cha Mawardi zinakutoka moja moja, na wenzako waliobaki hawajai hata mkeka mmoja. Ulisema hata wimbo wenyewe wa Mkeka, ulioutunga kwa kichwa chako, siku hizi unaimba beti mbili, halafu unakwama. Niliisoma barua ile mara tatu, nikaitia mtotoni mwa sanduku. Kisha nikaenda nikafanya kosa.

Nina kosa la kuungama, na nina ombi. Lakini wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mwenye kuomba huanza kwa kuchekesha, basi jimiminie kikombe cha pili.

Hapa skulini kwetu, skuli ya wasichana ninakofundisha Kiingereza, tuna mwalimu wa Kimisri anaitwa Abla Shukriya. Abla ndivyo wanavyoitwa walimu wanawake huku. Ni mnene wa mwili na mnene wa moyo, na akicheka madirisha yanajibu. Mwaka huu aliandika mchezo wa kuimba kwa ajili ya Idi Watani, sikukuu ya taifa ya huku. Mfanyabiashara wa Ibra anasafiri Afrika, anaoa huko, anarudi na bibi harusi. Jamaa wanamnunia mke mgeni, kisha wanampenda. Maneno yote ya Kiarabu, nyimbo kila baada ya dakika tano, na kinanda cha umeme anachokipiga Abla mwenyewe. Tulifurahi wote, kwani nusu ya watu wa Ibra bibi zao ndio hao mabibi harusi.

Siku moja Zuwena akarudi nyumbani na nguo zake za mchezo. Shangazi, nusura nizirai. Kiunoni kavaa sketi ya makuti ya mtende. Kichwani manyoya ya kuku, na kuku mwenyewe nilimtambua, ni wa jirani. Usoni kapakwa masizi ya sufuria. Akaniambia hiyo ndiyo "ngoma ya Afrika" ya sehemu ya pili, na kwamba yeye kafanywa mkuu wa wachezaji kwa sababu sisi ndio watu wa huko.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikicheka hivyo, naona mtoto hacheki. Amesimama na manyoya yake, ananitazama, akaniuliza, "Mama, bibi zetu walikuwa wakivaa hivi?"

Kicheko kilinikauka. Mtoto huyu kazaliwa huku. Unguja hajaiona, na mimi kwa uvivu wangu na shughuli nimemwachia masizi yamweleze. Nikafungua sanduku nikamtolea ile picha yenu, wanawake wa Mawardi siku ya Idi, kanga sare, viatu vya ngozi, asumini kichwani, na wewe mbele umeshika pembe ya nyati na kijiti chake, umejishongoa kama aliyenunua mtaa. Nikamwambia huyu ndiye shangazi yangu, bibi yako, na hivi ndivyo walivyovaa. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaenda kunawa uso, bila kuambiwa.

Asubuhi yake nilimwendea Abla Shukriya nimejifunga kibwebwe. Nilikuwa nimepanga maneno ya Kiarabu usiku kucha, makali yote. Nikamkuta anakunywa chai na biskuti, akanipa na mimi, na hasira na biskuti haviendi pamoja kinywani. Nikamwuliza ngoma ile kaipata wapi. Akanambia kwa moyo mweupe kwamba aliiona sinema, zamani, Misri. Nikamwuliza, je, skuli ya Unguja ikifanya mchezo wa Misri, na wasichana wote wakatoka wamefungwa sanda kama maiti wa makaburi ya kale, atasemaje? Akashika kifua akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wallahi ya Mahfoudha, ndivyo sinema zinavyotufanya kila siku!" Halafu akapangusa chai mezani, akasema, "Basi nipe cha kweli."

Na hapo, Shangazi, ndipo nilipokosa. Kwani cha kweli nilikuwa nacho, lakini hakikuwa changu.

Nilimpa lelemama, ngoma yenu ya pembe. Nilimpa na Mkeka wako. Sikukuandikia, sikukuuliza, sikungoja. Nilijiambia cha shangazi si changu? Na mimi nilikuwa najua sana. Nilitoka Unguja na miaka kumi na miwili, si mtoto mchanga. Nilijua kwamba wimbo wa chama hautoki nje bila ya ruhusa ya aliyeutunga, na kwamba anayefunzwa hutoa kilemba cha fundi. Ulikata usuhuba wa miaka saba na somo yako kwa sababu kaimba nusu ubeti wa Mawardi wakati anapeta mchele! Nilikuwepo, nilishika ungo. Kumbe nimekuwa kama Zuwena na viatu.

Lakini wacha nikwambie tulivyofurahi, kwani dhambi yangu ilikuwa tamu. Pembe za nyati Ibra hakuna. Thuwaini alikwenda kwa mchinjaji akaniletea pembe za mbuzi kumi na sita, zimeoshwa kwa sabuni, na zikipigwa zinalia kama vijiko kabatini. Kanga sare hatukuwa nazo, basi nikazunguka nyumba za Waunguja nikiomba, na kila nyumba sanduku likafunguliwa. Wengine walizitoa zikiwa bado na gundi ya dukani. Wengine walizitoa wakalia, tukakaa tukalia pamoja, kazi ikachelewa siku mbili. Wasichana wale, mabinti wa Kibedui humo na mabinti wa mashamba ya mitende, niliwafunza kuzungusha mabega polepole bila kuhangaika, kama ulivyokuwa ukinifunza mimi kwa kunifinya. Sikuwafinya. Kidogo tu.

Waliyajua maneno kwa siku nne:

Mkeka nimeusuka, kwa hii mikono yangu,
Mgeni ukishafika, kaa kwa baraka zangu.

Ubeti wa kwanza nilikuwa nao, na wa pili. Wa tatu sikuwa nao, wala sikupata mtu aliyekuwa nao. Niliwaambia wasichana wavumishe sauti tu, midomo imefungwa, mpaka pembe ziwapokee.

Mchezo ulikuwa Jumatano, siku mbili baada ya Idi Watani, uani kwa skuli, baada ya sala ya alasiri. Wanawake watupu na watoto wao. Mke wa Wali, mkuu wa serikali hapa mjini, mbele kwenye kochi, mama zetu nyuma kwenye mikeka, na harufu ya udi na kahawa. Na sasa, Shangazi, shika ukuta. Katika mstari wa tatu alikaa Bi Ghaniya.

Ndiyo, Ghaniya huyo huyo, wa chama cha Yakuti! Mliyekuwa mkishindana naye kila Idi, uliyekuwa ukisema hata kivuli chake kinatoka nje ya mdundo. Siku hizi anaishi Nizwa kwa mwanawe. Alikuja Ibra kwa harusi wiki ile, na waliomkaribisha wakamleta skulini apunge upepo. Mimi sikujua kuwa yupo. Ningejua ningeugua.

Wasichana wakatoka, pembe za mbuzi zikalia, Zuwena mbele na asumini ya karatasi kichwani. Walipofungua kinywa na kusema "Mkeka nimeusuka", nilisikia mtu nyuma anavuta pumzi. Niligeuka nikamwona. Hakutikisika. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Walipofika pale pa kuvumisha, midomo ya wasichana imefungwa, midomo ya Bi Ghaniya ikawa inakwenda. Bila ya sauti, lakini inakwenda, neno kwa neno. Ubeti wako ulikuwa pale, mstari wa tatu, umevaa baibui.

Vigelegele vikapasua ua. Abla Shukriya, furaha imemzidi, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba wimbo huu ni utunzi wa skuli yetu. Sikumtuma, naapa. Lakini sikumkatiza pia, na hilo ndilo linaloniuma.

Bi Ghaniya akainuka. "La, wallahi!" akasema kwa Kiarabu, ili wote wasikie. Kisha kwa Kiswahili, akinielekezea mimi kidole: "Wimbo huu una mwenyewe. Ni wa Turkiya wa Mawardi, na Turkiya yu hai, yuko Unguja. Nani kakupeni?"

Mke wa Wali kageuka. Nilitamani ile sketi ya makuti nijifiche ndani yake.

Bi Ghaniya hakungoja nijibu. Alivua viatu, akapanda jukwaani, miaka yake sabini na ushei, akamnyang'anya Zuwena pembe, akaitazama juu na chini. "Hii pembe au kijiko?" Akaipiga mara mbili. "Mawardi wakiimba mbele yangu, Yakuti hainyamazi!" Na akajibu, Shangazi. Akajibu kama zamani, wimbo wa Yakuti kutoka mwanzo mpaka mwisho, sauti imekwaruza lakini mdundo wake umesimama sawasawa. Nisamehe, kivuli chake kiko ndani ya mdundo.

Ungewaona wale mama zetu! Waliokuwa wamekaa kwa heshima zao, mabaibui mpaka machoni, wakasimama mmoja mmoja, na wakagawanyika. Mawardi kulia, Yakuti kushoto, miaka ishirini na moja tangu tutoke kwetu, uani kwa skuli, Ibra! Wanawake wa hapa hapa, ambao Unguja hawaijui hata kwa picha, nao wakagawanyika. Wakachagua upande kwa kupenda rangi ya kanga. Mke wa Wali akawa Yakuti, nasikitika kukwambia. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Tuliimba mpaka muadhini wa magharibi akatunyamazisha. Nilifurahi mno, nilifurahi mpaka nikasahau kwamba mimi ni mshtakiwa.

Tulipokuwa tukikunja kanga, akaja bibi mmoja, Kaltham, mtu wa Sur, mji wa mabaharia, aliyeolewa hapa. Akaniuliza maneno yale ni lugha gani. Nikamwambia. Akacheka, akaanza kuniimbia wimbo wa ngoma ya kwao Sur, aliopokea kwa bibi yake, na humo ndani, Shangazi, mna maneno ya Kiswahili, nazi na njoo na mpenzi, yamekaa katikati ya Kiarabu. Kwao hakuna anayejua maana yake. Babu zao walikwenda kwetu na kurudi, wakarudi nayo, wakayatilia ngoma yao na hatua zao, wakayalea miaka mia. Nilipomweleza maana yake alinikumbatia. Nilirudi nyumbani nikifikiri. Kaltham naye anaimba cha watu, lakini kakiweka nyumbani, kakizeesha, na alipomwona mwenyewe akamkumbatia. Masizi ya Zuwena yalitoka katika sinema, hayakumjua mtu. Na mimi? Mimi nilimjua mwenyewe, na anuani yake ninayo, na sikumwandikia. Yangu ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa ombi. Tumealikwa Maskati mwezi wa pili, kwenye tamasha la skuli. Wasichana hawalali kwa furaha. Imekuja fomu, na kwenye fomu mna mahali pa jina la mtunzi. Abla Shukriya, na nia yake njema, alitaka kuandika "turathi", yaani mali ya kale isiyo na mwenyewe. Nikamwambia wimbo huu haukuokotwa njiani. Nikamweleza yote, akajipiga kofi la kipaji cha uso, akaniambia, "Basi hatuendi mpaka bibi yako aseme." Fomu iko mezani kwangu, pale pa jina patupu. Ukikataa, wasichana watacheza kitu kingine, nami nitawaambia mwenyewe kwa nini, Zuwena wa kwanza. Ukikubali, jina litakalosomwa Maskati ni lako, na la Mawardi, kwa sauti kubwa.

Nimekutumia kilemba chako, kimechelewa lakini ni kilemba: mtandio wa hariri uliofumwa Sur, na halua ya Nizwa. Ipo na kanda moja ya kaseti. Upande wa kwanza ni wasichana wanaimba Mkeka, wakivumisha pale penye shimo. Upande wa pili ni Kaltham na wenzake wa Sur, wamekuimbia wimbo wao ule. Wamesema wamekupa, ufunze huko ukitaka, wimbo kwa wimbo, na wametaja majina yao yote mwanzoni ili usiseme umeuokota.

Limebaki la ubeti wa tatu. Alhamisi iliyofuata Thuwaini alinipeleka Nizwa kwa Bi Ghaniya. Nilipiga magoti, Shangazi. Nilimwomba aniimbie ubeti mmoja tu, nimebeba na mashine ya kurekodi. Akaisukuma mashine kwa kidole. "Si wangu. Siimbi wimbo wa watu mbele ya mtu asiyekuwa mwenyewe." Nikamwuliza, basi umeujuaje? Akasema aliujifunza Idi ile mliyowashinda nao, akaurudia kila siku kwa hasira, mpaka hasira ikaisha na wimbo ukabaki.

Nikamwambia ulivyoniandikia, kwamba wewe mwenyewe unaufikisha wa pili, kisha unakwama. Aliiacha kahawa yake mpaka ikapoa. Nilimwona anapangusa jicho kwa upindo wa mtandio, halafu akamwita mwanawe akamwuliza paspoti zinachukua siku ngapi.

Nisalimie Bi Salma wa chini, na Soud na wanawe, na mwambie Hashil fundi saa kwamba saa aliyonitengenezea nikiwa mtoto bado inakwenda, inachelewa kama mimi. Zuwena anakubusu mikono. Thuwaini anakusalimu sana na anauliza huwezi kutuma nazi kwa posta. Mola akupe afya, akurefushie umri wenye raha, na akujaalie moyo wa kunisamehe leo kabla ya kesho.

Umesoma mpaka hapa? Basi sasa mtazame huyo Khalaf anayekunywa kahawa yako. Mtazame vizuri pua. Ndiyo, ni pua ya Ghaniya, ni mwanawe. Hakuja peke yake. Mama yake amekaa barazani kwako chini, na amekula kiapo hapigi hodi nyumba ya Mawardi mpaka ahakikishe barua imesomwa yote na mwenyewe amemkaribisha kwa kinywa chake. Amekuja kukurudishia ubeti wako, mkononi, mzima. Teremka polepole, Shangazi, chunga goti. Kama hutaki kuteremka, fungua dirisha uanze wewe, na ukifika pale unapokwama, nyamaza tu. Atakupokea.

Mimi mwanao mwenye makosa na mapenzi,
Mahfoudha